Kujiandaa kwa hija ndefu ya miguu kwa mwendo wako mwenyewe: mwongozo kamili

Watu wengi wakishaamua kwenda hija kwa miguu, cha kwanza wanauliza ninunue viatu gani, cha pili wanauliza watu huwa wanatembea kilomita ngapi kwa siku. Mimi nasema kuna swali linatangulia hayo yote: wewe mwenyewe, na mwili wako huo ulio nao leo, ukiwa na begi mgongoni na hiyo ni siku ya tatu mfululizo, unatembea kwa mwendo gani? Hiyo namba ukiijua kabla hujakata tiketi, mambo mengine yote yanapangika yenyewe, siku, mzigo, sehemu za kulala, mpaka nani wa kuongozana nae. Usipoijua utatembea kwa mwendo wa watu, na mwendo wa watu ndo unaowatoa mahujaji njiani, sio umri wala unene.

Naongea kwa uchungu kidogo maana safari yangu ya kwanza iliishia siku ya nne. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nakimbizana na kundi lenye miguu mirefu kuliko yangu, nikaona aibu kusema ngojeni kidogo, ugoko wa kulia ukavimba mpaka kuvaa soksi ikawa kazi. Niliumia moyo sana. Kwa hiyo haya ninayoandika hapa ndo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kwanza chagua njia, alafu chagua kipande

Njia za hija ziko nyingi na hazifanani. Kutoka Najaf kwenda Karbala, Iraq, kwa ajili ya Arubaini, kumbukumbu ya siku ya arobaini baada ya kuuawa Imam Hussein, ni kama kilomita 80, ni tambarare, watu wengi humaliza kwa siku tatu hivi, na njia nzima kuna mahema ya watu wa kujitolea wanaokupa chakula na mahali pa kulala bure. Camino Francés inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, mpaka Santiago de Compostela, Hispania, inakaribia kilomita 800 na ina milima. Mzunguko wa mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku, Japani, ni kama kilomita 1,200. Via Francigena kutoka Canterbury mpaka Roma inafika kama 2,000. Na kila mwaka tarehe 3 Juni mahujaji wanafika Namugongo, Uganda, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, wengine wakiwa wametembea wiki nzima na zaidi.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: si lazima utembee yote. Kule Shikoku kuna desturi inayoheshimika kabisa ya kuufanya mzunguko kwa vipande, mwaka huu mahekalu kadhaa, mwaka ujao unaanzia ulipoishia. Santiago nako, ili upewe cheti cha hija kinachoitwa compostela, kwa anayetembea kinachotakiwa ni kilomita 100, ndo maana wengi wanaanzia mji wa Sarria ambao uko kilomita 110 na kitu kutoka kanisa kuu la Santiago. Hujaji wa kilomita 115 ni hujaji. Kama una wiki mbili tu, usijaribu kubana wiki tano ndani yake, punguza njia. Ukipunguza njia mwendo wako unabaki ulivyo, ukiiacha njia ikiwa ndefu vile vile alafu ukaongeza mwendo ndo unaita maumivu.

Pima mwendo wako, usikisie

Chukua siku moja tafuta barabara au njia ya kilomita 10 ambayo ina kupanda na kushuka kidogo. Weka begi mgongoni lenye kilo kama tano. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, ukiona unaongea neno moja moja umezidisha, punguza. Simama upumzike ukihisi kupumzika, kunywa maji, vua viatu kama unataka. Ukimaliza angalia saa, gawanya kilomita kwa masaa yote pamoja na ya kupumzika, maana njiani pia utapumzika. Wengi watajikuta kati ya kilomita 3 na 4 kwa saa, na hiyo iko sawa kabisa.

Alafu, na hii ndo sehemu watu wanairuka, kesho yake rudia. Na keshokutwa tena kama unaweza. Namba ya siku ya tatu ndo namba yako ya kweli.

Kwenye milima kuna kanuni ya zamani, aliitoa mpanda milima wa Uskoti anaitwa William Naismith mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, alafu ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 unazopanda. Hiyo kilomita 5 kwa saa ni ya mtu mkakamavu asiyesimama simama, kwa hiyo weka namba yako mwenyewe mahali pa ile 5, ila ile saa ya kupanda iache kama ilivyo au iongeze.

Tuchukue mfano. Tuseme wewe ni wa kilomita 3.5 kwa saa na miguu yako inakubali masaa sita kwa siku, hiyo ni kilomita 21 kwenye karatasi. Usipange 21. Panga 16 au 17, maana kuna siku ya mvua, siku ya kidonda, siku umekutana na mtu mkakaa chini ya mti mkaongea masaa mawili na hayo maongezi ndo utayakumbuka miaka yote. Ongeza siku moja ya kupumzika kwa kila siku sita. Ukipiga hesabu hiyo kwa kilomita 800 utapata kama siku 55 hivi, wakati wengi wanaifanya Camino Francés kwa siku 30 hadi 35. Usishtuke, na usianze kujinyoosha ufike 30. Ama tafuta siku 55, ama anzia mbele zaidi, kwa mfano León, ambako panabaki kama kilomita 310.

Miezi mitatu ya mazoezi

Kama una presha, kisukari, shida ya moyo, au ni muda mrefu mwili haujafanya kazi, anza kwa daktari. Mwenye kisukari hasa aangaliwe nyayo, kwa sababu ganzi ya miguu inaweza kumficha mtu kidonda mpaka kikawa kikubwa.

Wiki nne za kwanza tembea mara tatu kwa wiki, dakika 45 mpaka saa moja, na siku moja ya mapumziko ya kazi tembea kilomita 8 bila haraka. Hakuna begi bado. Miguu ni zaidi ya misuli, kuna mishipa, kano na mifupa, na hivi vinakomaa taratibu kuliko pumzi, ndo maana mtu anajisikia ana nguvu wiki ya tatu anaongeza ghafla alafu anaumia. Ongeza kidogo kidogo, sehemu moja ya kumi kwa wiki inatosha, na kila wiki ya nne punguza mwili upumue.

Wiki ya tano mpaka ya nane begi linaingia, anza na kilo tatu, na ile safari ndefu ya wiki ifike kilomita 12 mpaka 15. Wiki ya tisa mpaka ya kumi na moja fanya siku mbili mfululizo, na mara moja fanya siku tatu mfululizo ukiwa na begi lote, viatu vile vile, soksi zile zile, kofia ile ile ya safari. Hapo ndo utagundua mkanda unakuchubua bega au kile kipochi cha kiunoni kinakugonga. Wiki ya mwisho pumzika, matembezi mafupi tu, usilipe deni la mazoezi ambayo hukuyafanya.

Kitu kingine ni kushuka. Watu wanaogopa kupanda lakini magoti yanaharibikia kwenye kuteremka. Tafuta ngazi, shuka polepole, hatua fupi, goti likiwa limekunjwa kidogo. Nyumbani kaa na uinuke kwenye kiti bila kushika, mara kumi na tano, na simama kwenye ncha za vidole ukishikilia ukuta, ukiwa unapiga mswaki inatosha. Na jifunze kutumia fimbo mbili, kwenye kushuka zinapunguza mzigo wa magoti, urefu wake ni ule unaofanya kiwiko kikunjike pembe mraba ukiwa umesimama, ukishuka unazirefusha kidogo.

Miguu

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe.

Kiatu kinunue jioni, au baada ya kutembea, kwa sababu mguu unavimba kadiri siku inavyoenda, na kwenye safari ya wiki kadhaa unaweza kuongezeka kabisa. Vaa soksi utakazotembelea nazo. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kisigino kisiinuke, pembeni pasibane. Watu wengi wanaishia kuchukua saizi moja au nusu zaidi ya kawaida yao. Je kiwe buti au kiatu chepesi? Mimi kwa njia nyingi za hija, ambazo ni barabara za vijiji, lami na vumbi, nachagua kiatu chepesi chenye soli nzuri, kinakauka haraka na mguu hauchoki. Buti ina kazi yake kwenye mawe mengi na matope au kama kifundo chako ni dhaifu. Vyovyote utakavyochagua kitembelee kilomita mia moja hivi kabla ya safari, kamwe usiende na kiatu kipya.

Soksi ziwe za sufu ya merino au za nyuzi za kisasa zinazotoa jasho, sio pamba, pamba inanyonya maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Wengine wanavaa soksi nyembamba ndani na nzito nje ili soksi zisuguane zenyewe badala ya kusugua ngozi, jaribu uone. Kucha kata mraba siku kadhaa kabla, zisipokatwa zitagonga mbele ya kiatu kwenye mteremko na zitageuka nyeusi.

Lengelenge linatokana na msuguano, unyevu na joto vikikutana. Lina dalili kabla halijatokea, unahisi sehemu moja inawaka kama vile kuna kijiwe. HAPO HAPO simama. Sio kwenye kijiji kinachofuata, sio ukifika kileleni, hapo. Vua kiatu, toa mchanga, kausha, bandika plasta ya kitambaa iliyonyooka bila mkunjo, badili soksi. Dakika tano hizo zinaokoa siku tano, na kusema kweli mwendo wako mwenyewe una faida kubwa hapa, mtu anayekimbizana na kundi ndo anasema nitashughulikia mbele.

Likishatokea, kama ni dogo na haliumi liache, lifunike. Kama ni kubwa na linakuzuia kutembea, nawa mikono, safisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, toboa pembeni kwa sindano iliyosafishwa, kamua taratibu, ile ngozi ya juu USIITOE, ndo bandeji yako, alafu funika kwa kitambaa safi na ubadilishe kila siku. Usiache uzi ndani kama wengine wanavyofundishana, uzi unapitisha uchafu. Ukiona wekundu unasambaa, usaha, mstari mwekundu unapanda mguuni au homa, tafuta tiba siku hiyo hiyo, na mwenye kisukari asitoboe mwenyewe kabisa.

Kila baada ya masaa mawili vua viatu miguu ipate hewa dakika kumi. Inaonekana kama kupoteza muda, lakini nimeona waliokuwa wananipita asubuhi nikiwa nimekaa chini, jioni nawakuta wamekaa wao na hawawezi kuinuka.

Mzigo

Begi lenye vitu vyote lisizidi kama sehemu ya kumi ya uzito wako kwa njia zenye nyumba za kulala mahujaji. Ukiwa na kilo 65 hiyo ni kilo sita na nusu, na kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Ukibeba hema na jiko itazidi, na mwendo wako utashuka, pima upya.

Begi la lita 30 mpaka 40 linatosha. Lazima liwe na mkanda wa kiunoni unaokaa juu ya mifupa ya nyonga, huo ndo unabeba sehemu kubwa ya uzito, mabega yanashikilia tu lisiyumbe. Funga kiunoni kwanza, ndo ufunge mabega. Vitu vizito viweke karibu na mgongo.

Nguo: seti moja umevaa, moja inakauka, moja ya kulalia ambayo pia ni ya akiba. Unafua kila siku ukifika. Koti la mvua, kitu cha joto, kofia yenye ukingo, sandali za jioni ili viatu vipumzike, begi la kulalia jepesi au shuka, taulo nyembamba, tochi ya kichwani, chaja, pini kadhaa za kuanikia soksi zenye unyevu kwenye begi. Vaselini ya mapajani na popote pale pa kusuguana, hii usiisahau. Kifurushi kidogo cha dawa: plasta, bandeji, sindano, dawa ya vidonda, dawa zako za kila siku kwa siku zote za safari na za ziada.

Tandaza vyote kitandani, pima kimoja kimoja, na kila kitu ambacho sababu yake inaanza na "huenda nikahitaji" kitoe. Sio kwamba hutakihitaji, ila njia nyingi zina maduka, na ukikibeba utakilipia kila hatua. Njia kama ya Camino kuna huduma za kusafirishiwa begi mpaka kituo kinachofuata, ukiwa na mgongo mbaya tumia bila aibu.

Maji na chakula

Kama nusu lita kwa saa kwenye hali ya kawaida, joto likizidi unaongeza. Usinywe mpaka unahisi tumbo zito, maji mengi sana bila chumvi nayo yanadhuru. Ukitoka jasho jingi au ukiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa, ndo dawa. Kula kidogo kidogo njiani kabla njaa haijakushika. Kwenye joto anza alfajiri umalize kabla ya jua kali. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa, mwili unawaka, anayumba, hiyo sio uchovu, mweke kivulini, mmwagie maji, mpepee, ita msaada haraka.

Kupanga njia bila kujifunga

Kosa linalojirudia ni kubuki vitanda vya mwezi mzima kabla hujaondoka. Ukishafanya hivo mwendo sio wako tena, ni wa risiti. Mimi nabuki usiku wa kwanza na wa pili, alafu naenda nikipiga simu siku moja mbele, isipokuwa msimu wa watu wengi au sehemu yenye kitanda kimoja kwa kilomita 20.

Siku ya kwanza iangalie kwa makini kuliko zote. Camino Francés kwa mfano, siku ya kwanza kutoka Saint-Jean mpaka Roncesvalles ni kama kilomita 25 na unapanda zaidi ya mita 1,200, na watu wanaifanya wakiwa wageni kabisa, wamelala vibaya kwenye ndege, wana furaha kupita kiasi. Igawe mara mbili. Kama kilomita 8 juu kuna nyumba ya kulala inaitwa Orisson, hapo unabuki mapema kwa kuwa ni ndogo, unalala, kesho unamalizia. Njia hiyo ya juu inafungwa kuanzia 1 Novemba mpaka 31 Machi, wakati huo unapita ya bondeni. Kitabu cha kugongea mihuri, ambacho ndo ushahidi wako wa kupewa compostela, kipate mwanzoni, kwa anayetembea ile kilomita 100 ya mwisho pata mihuri miwili kila siku.

Tiketi ya kurudi iwe ya kubadilishika, au iache siku nne tano za ziada. Hizo siku ndo zinakupa ruhusa ya kupumzika goti.

Watu wa kutembea nao

Ongea nao kabla, sio njiani. Waambie, mimi ni wa kilomita tatu na nusu kwa saa, nitapumzika kila baada ya masaa mawili, tangulieni tuonane jioni mahali fulani. Ukisema mapema hakuna anayekwazika. Mkiamua kutembea pamoja, wa polepole akae mbele, na mkipumzika mapumziko yaanze yeye akishakaa, sio anafika tu na nyie mnainuka, hiyo ni kumnyima pumziko na wengi hawajui wanafanya hivyo. Ukiwa peke yako mtumie mtu wa nyumbani ujumbe kila jioni, uko wapi na kesho unalenga wapi. Barabarani tembea upande unaotazamana na magari, na vaa kitu kinachong'aa kabla jua halijachomoza.

Upweke wa njiani nao ni zawadi. Uwe na nia uliyoitamka moyoni kabla hujafunga begi, unamwombea nani, unashukuru nini, unaaga nini. Mahujaji wa Shikoku wana maneno yao, dōgyō ninin, yaani wawili safarini pamoja, wakimaanisha kwamba hata anayetembea peke yake anaongozana na Kōbō Daishi, mtawa aliyeishi karne ya 8 na ya 9. Mimi nina sala fupi naigawanya kwenye hatua nne, nikianza kuiharakisha najua mwendo umezidi, inanisaidia kuliko saa.

Siku tano za kwanza njiani

Tembea chini ya uwezo wako. Ukihisi unaweza kuendelea kilomita nyingine saba, usiende. Maumivu yanayopungua baada ya nusu saa ya kutembea ni ya kawaida. Yanayoongezeka kila saa, yanayokaa sehemu moja tu unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayokuamsha usiku, au ugoko unaouma ukiinua ncha ya mguu, hayo ni ya kusimama siku mbili, na yasipopoa, daktari. Mimi yangu yalianza siku ya pili nikayanyamazisha kwa vidonge, vidonge havikuponya chochote, vilinizuia tu kusikia.

Na siku ya kufika ipange pia. Usijiburuze kilomita 28 za mwisho ukafika usiku umechoka huoni kitu. Kwa wanaokwenda Santiago kuna kilima cha Monte do Gozo, jina lake ni kilima cha furaha, kiko kama kilomita 5 kabla, mahujaji tangu zamani wakifika hapo ndo wanaona minara ya kanisa kwa mara ya kwanza. Lala hapo au karibu na hapo. Osha miguu, fua ile soksi nzuri uiache ikauke usiku, asubuhi uondoke bila haraka, kwa mwendo wako kilomita tano ni kama saa moja na nusu, misa ya mahujaji ya saa sita mchana utaikuta na nafasi ya kukaa utapata.